Kiti cha Marefu cha Kale: Kabla ya Kukinunua

Siku hizi watu wa pwani yetu, khasa vijana wanaotia vyombo katika nyumba zao za kwanza, wamerudi kutamani vitu vya mababu. Jambo hili si baya, kwani chombo kilichoundwa kwa msaji au mvule, kikatunzwa, huweza kuishi kuliko aliyekiunda. Lakini macho yakishapenda, akili husinzia. Na kinachowasinzisha wengi ni kiti cha marefu, yaani kile ambacho mgongo wake umelala nyuma, kikao chake kimesukwa kwa henzirani, na mikono yake ni mirefu hata mtu aweza kunyosha miguu juu yake.

Kiti hiki kisichanganywe na kiti cha enzi cha Lamu, Pate na Siyu. Kile ni cha mpingo, kimepambwa kwa pembe ya ndovu na kusukwa kwa kamba, na mgongo wake husimama wima. Ni kiti cha heshima, si cha kupumzikia. Tena mataifa yalikubaliana mwaka 1989 kupiga marufuku biashara ya pembe za ndovu baina ya nchi na nchi, basi anayetaka kumpelekea jamaa yake kiti hicho Maskati au London na atafute vibali kwanza. Ama kiti cha marefu kilienea sana India, katika vibaraza vya wenye mashamba. Kina na jamaa yake wa Uingereza, kilichouzwa na kampuni ya William Morris tangu miaka ya 1860, ambacho mgongo wake huinuliwa na kulazwa.

Ukikiona dukani, kipindue kwanza. Chini ya kikao ndiko kusikopakwa rangi na mwenye kusema kweli: mti wa kale huwa umefifia kwa hewa na vumbi, si mweusi sawasawa kama uliochovywa jana. Tazama mikono yake. Penye kushikwa sana hulainika, na penye kufichika hubaki na makali yake. Michubuko iliyoenea kila mahali kwa kipimo kimoja ni kazi ya fundi. Vitundu vidogo vya wadudu si ajabu, lakini unga mpya ukidondoka ukigonga mti, usikiingize nyumbani, kwani wadudu hao watahamia kwenye kitanda na kabati.

Kisha kikalie. Kikao chake ni cha chini na kimeinamia nyuma, na mzee mwenye magoti mabovu atakaa kwa raha ila kuinuka ataita watu. Kama wamnunulia mama yako, mchukue akijaribu mwenyewe. Na mahali pake ni barazani au chumbani. Kumnyoshea mgeni nyayo juu ya mikono ya kiti si adabu, hata kiti kiwe kizuri namna gani. Wala usikitandike ngozi ya chui kwa fahari, kwani Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kukalia ngozi za wanyama wakali.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wanunuzi wachache huliuliza: kiti hiki ni cha nani? Vyombo vingi vya kale hutoka katika nyumba za marehemu. Kijana mmoja wa nyumba hukiuza kiti cha babu kabla mirathi haijagawanywa, na shangazi zake hawana khabari, na pengine wamo mayatima wenye fungu lao. Surat An-Nisaa imeonya vikali juu ya mali ya yatima, na onyo hilo halikubagua shamba na kiti. Basi muulize muuzaji alikipata wapi. Akisema ni cha marehemu, taka kuonana na warithi wengine, na mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi. Akikuharakisha kwa kusema yuko mteja mwingine njiani, mwache huyo mteja afike.

Kikishafika nyumbani, henzirani iliyolegea bila ya kukatika ioshwe kwa upande wa chini kwa maji ya uvuguvugu, kisha kiti kiwekwe kivulini bila ya kukaliwa mpaka kikauke. Henzirani ikikauka hujikaza. Iliyokatika ni kazi ya msusi, nawe mpatie bei yake kabla hujamlipa muuzaji.