Je, Wajua? Kisima Kisichochotwa Maji

Je, wajua kuwa kuna visima visivyochotwa hata ndoo moja? Ni visima vya uangalizi. Mpimaji hufungua kifuniko, huteremsha utepe wenye kitambuzi nchani, na kitambuzi kikigusa maji, kengele hulia. Husoma kina kwenye mdomo wa bomba, akaandika na tarehe, akafunga. Ni kazi ya dakika chache, lakini thamani yake huonekana ikirudiwa miaka na miaka.

Makutapora, chanzo kikuu cha maji ya Dodoma, ina vipimo vya aina hii tangu miaka ya 1950. Vimefichua jambo kubwa: maji hushuka taratibu kwa miaka kadhaa, kisha msimu mmoja wa mvua nzito, kama ule wa El Niño wa 1997/98, huyapandisha kwa kishindo. Mvua za kawaida huongeza kidogo sana.

Vipimo kama hivyo vingefaa pia kusini mwa nchi. Maji yanayoshuka Ziwa Nyasa kutoka milima ya Mbinga husimamiwa na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa, ambalo ni mojawapo ya mabonde 9 ya maji ya Tanzania. Na huko milimani Wamatengo wana ngoro: mashimo yaliyopangwa mteremkoni kama sega la nyuki, mazao yakipandwa kwenye kingo zake. Mvua ikinyesha, maji hutuama shimoni na kuzama polepole, udongo ukibaki shambani. Kwangu mimi, hapo ndipo pa kuteremshia utepe: kisima kimoja chini ya mteremko wenye ngoro, kingine chini ya mteremko mtupu, vipimwe siku moja, tuone kama ngoro huongeza maji ya ardhini.