Mauaji ya Zamani: Kile Ambacho Daktari Hawezi Kujua Bila Wananchi

Katika sheria za Tanzania, kosa la mauaji halifutwi na muda. Jalada huweza kukaa miaka 20 bila mtuhumiwa, kisha likafunguliwa upya siku mwananchi mmoja anapoleta taarifa. Taarifa iliyochelewa kiasi hicho ina faida gani? Sehemu ya jibu imo katika tiba ya uchunguzi wa vifo.

Milima ya Usambara ni mfano mzuri. Kasi ya kuoza kwa mwili hutegemea zaidi joto. Mwili ulioachwa juu ya ardhi katika tambarare za Mombo huweza kubaki mifupa ndani ya wiki chache. Katika baridi ya msitu wa Magamba, juu ya mji wa Lushoto, huchukua muda mrefu zaidi. Tena udongo wa misitu hiyo una tindikali, nayo hula mifupa mwaka hadi mwaka. Meno ndiyo hudumu zaidi. Hivyo, mifupa iliyofukuliwa na mvua shambani haimpi daktari tarehe ya kifo.

Humpa mambo mengine. Nyonga huonyesha jinsia, meno na maungio hukadiria umri, mfupa wa paja hukadiria urefu. Mfupa uliovunjika wakati wa kifo huwa na kingo laini zenye rangi ya mfupa wote. Uliovunjwa na jembe miaka mingi baadaye huwa na kingo zinazomeng'enyeka, nyeupe zaidi. Lakini mifupa haitaji jina. Jina hutoka kwa mama anayekumbuka kuwa mwanawe alivunjika mkono akiwa darasa la tatu, au kwa ndugu anayekubali vinasaba vyake vilinganishwe katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Si kila taarifa ina uzito sawa. Mwaka 2009, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, Serikali iliwaomba wananchi kuandika kwa siri majina ya washukiwa. Jina kwenye karatasi laweza kuelekeza upelelezi, lakini peke yake si ushahidi; laweza pia kubeba ugomvi wa mpaka wa shamba au tuhuma za uchawi. Taarifa inayosaidia ni ile inayoweza kupimwa: mahali, nguo, siku ya gulio au msimu wa mavuno, na nani hakuonekana tena tangu wakati huo.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai humtaka anayefahamu kuhusu kosa la jinai au kifo cha kutatanisha atoe taarifa kwa polisi au kiongozi wa eneo lake. Sheria ya mwaka 2015 huwalinda watoa taarifa na mashahidi.

Anayekuta mifupa asiiokote, asiioshe wala asiizike upya. Aweke alama mbali kidogo, azuie watu na mbwa, kisha amwarifu mtendaji wa kijiji au polisi. Namna mifupa ilivyolala, na kifungo cha shati kilicho chini yake, ni sehemu ya ushahidi. Vikihifadhiwa, familia huweza kumzika mtu wake kwa jina, na jirani aliyenyooshewa kidole kwa miaka mingi bila kosa huweza kusafishwa.