Maganda ya vitunguu yageuzwe mtaji Morogoro

MAGANDA ya vitunguu yanayofagiwa sokoni kila jioni mjini Morogoro, pamoja na makapi ya chai yanayomwagwa na mamalishe, yanaweza kuwa mtaji kwa mjasiriamali mdogo.

Wapo wateja wanaopenda mashuka, foronya na vitambaa vya meza vyenye mwonekano wa kizamani: rangi ya krimu au dhahabu iliyopoa, mithili ya amerikani ya enzi za mababu. Rangi hiyo hupatikana jikoni.

Kitambaa kiwe pamba tupu, kwani poliesta haishiki rangi hizi. Kichemshe kwa sabuni na magadi kidogo kwa saa moja kuondoa wanga, kisha kisuuze. Ukitaka krimu, kiloweke katika chai nzito. Tanini ya chai hung'ang'ania pamba yenyewe.

Ukitaka dhahabu, baada ya chai kiloweke usiku kucha katika maji yenye shabu, gramu 100 hadi 150 kwa kila kilo 1 ya kitambaa kikavu. Chemsha gramu 500 za maganda kwa saa moja, chuja, halafu tumbukiza kitambaa kwa moto mdogo saa moja nyingine, ukigeuzageuza kisipate madoa. Sufuria hiyo isirudi kupikia chakula.

Tahadhari ni bizari ya manjano. Hung'aa siku ya kuuza, lakini jua huififisha na sabuni kali huigeuza nyekundu. Mteja akiona foronya imepauka baada ya kufua mara mbili, harudi tena, na jirani zake hawaji. Hivyo kabla ya kuuza, fua kipande cha majaribio mara tano, kisha kianike juani wiki nzima huku nusu yake imefunikwa.

Jingine ni magome ya miti. Kuyachuna katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, ni kukata tawi ulilokalia: milima hiyo hulisha Mto Ruvu, unaotegemewa kwa maji hadi Dar es Salaam. Maganda ya sokoni hayaui mti.

Anza na foronya chache. Andika daftarini uzito na muda wa kila mchemsho, maana mteja wa seti nzima hataki rangi mbili. Kwa ushauri wa biashara, SIDO mkoani ni mahali pa kuanzia.