Nguva: Nani Atakula Kiapo?

Juzi hapa Lamu kijana mmoja, mwana wa mvuvi na mjukuu wa mvuvi, aliniuliza: "Ami, huyo nguva ni mnyama wa kweli, au ni wa hadithi tu, nusu mtu nusu samaki?"

Niliingiwa na huzuni. Babu yake asingeuliza swali hilo.

Nguva, ndugu msomaji, si samaki wala si jini. Ni mnyama wa baharini anyonyeshaye mwanawe, jamaa wa mbali wa ndovu. Chakula chake ni nyasi zimeazo chini ya maji ya kina kifupi, kama zile za Kiunga, Pate na Manda. Wazee husimulia kwamba zamani mvuvi aliyerudi na nguva jike alilishwa kiapo kuwa hakumtendea lisilofaa.

Mwaka 1967 kundi la nguva wapatao 500 lilionekana pwani ya kusini ya Kenya. Ndege zilipozunguka kuwahesabu katika miaka ya 1990, walioonekana walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Wamekwenda wapi?

Kabla ya kujibu, tusikilize kisa cha nduguye mkubwa, aliyeishi katika bahari ya baridi baina ya Urusi na Marekani. Novemba 1741 jahazi la nahodha Vitus Bering lilivunjika katika kisiwa kisichokaliwa na watu. Miongoni mwa waliosalimika alikuwamo mjuzi wa Kijerumani, Georg Steller, aliyeandika sifa za mnyama huyo: mpole, mla mwani, urefu wake wafika mita 8. Nyama yake iliwaokoa mabaharia na njaa.

Waliporudi kwao mwaka 1742, habari zilienea. Wawindaji wa ngozi za fisi-maji wakawa wakipita kisiwani kujipatia kitoweo. Waliwapiga wanyama hao kwa vyusa, na wengi walichomoka wakaenda kufa baharini bure. Wa mwisho kutajwa aliuawa mwaka 1768. Miaka 27 tu tangu kujulikana, akatoweka duniani! Mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Wetu hafi kwa chusa. Sheria yamlinda, na ni wachache watokao kumwinda. Hata hivyo anakwisha, na sababu kubwa ni jarife. Jarife hutegwa usiku kwa ajili ya papa na taa. Nguva sharti apande juu kila baada ya dakika chache kuvuta pumzi. Akinaswa, hufa maji pale pale. Nazo meli za kuvua kamba, zikokotapo nyavu zao chini, huharibu malisho yake. Naye si mwepesi wa kuzaa: mimba huchukua zaidi ya mwaka, huzaa mmoja, na hadi azae tena hupita miaka mitatu hata saba. Akifa jike mmoja, pengo lake halizibiki upesi.

Mwaka 2022 shirika la uhifadhi la IUCN liliwaweka nguva wa Afrika Mashariki katika daraja ya walio karibu mno na kutoweka. Kundi kubwa lililosalia upande wetu huu liko Bazaruto, Msumbiji.

Si haki kumbebesha mvuvi lawama zote. Jarife ni ghali, na kulikata ili mnyama aokoke ni kukata riziki ya watoto. Basi anayetaka nguva aishi na alipe gharama ya jarife lililokatwa. Nasi wavuvi tuache kutega penye nyasi hizo, na tusililaze jarife usiku kucha bila mwangalizi.

Kile kiapo cha zamani kimepitwa. Leo kila mmoja wetu aweza kuapa, na asiseme uongo, kwamba hakukusudia kumuua nguva. Nguva atakwisha vivyo hivyo, na yule kijana atabaki na hadithi.