Matema wakati wa masika: ukame wa wageni

Wasikilizaji wa redio, nanyi wasomaji mnaoyapata mazungumzo haya gazetini, wiki hii nawapeleka ziwani wakati ambao wengi wetu hatuendi.

Matema iko wilayani Kyela, mkoani Mbeya, kwenye pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Ina mchanga mzuri na maji matamu, na nyuma yake yanasimama Milima ya Livingstone. Wageni hufika kuanzia Juni, mvua zikishapungua. Machi hadi Mei hutawaona. Wenye nyumba za kulala wageni huuita huo msimu mbaya. Mimi nilikwenda mwezi wa Aprili, nikitokea Kichiwa.

Nilipoaga, mzee mmoja jirani aliniuliza: "Mwanangu, huko unafuata jua au mvua?" Swali lake si la mzaha. Sisi wa Kichiwa, kwenye barabara ya Makambako na Njombe, tuko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kipupwe kikiingia tunatamani joto la ziwani, na hapo ndipo kila mwenye nauli hufunga safari. Kumbe kalenda hiyo ni ya baridi yetu, si ya ziwa.

Ukitoka Makambako unafuata barabara kuu ya Zambia hadi Uyole, kisha unakata kushoto kwenda Tukuyu na kuteremka hadi tambarare ya Kyela. Sweta unaivua njiani. Ziwa lenyewe liko kwenye meta 475 hivi, na joto la Aprili lina unyevu wa kukulowanisha hata kama hujanyeshewa.

Kwa nini mvua inanyesha sana huko? Upepo wa kusini-mashariki hupita juu ya ziwa refu la kilometa zaidi ya 500 na kubeba mvuke. Ukifika kaskazini unakuta njia imezibwa na Milima ya Livingstone na Mlima Rungwe. Hauna budi kupanda. Ukipanda unapoa, na mvuke unakuwa mvua. Ndiyo maana tambarare ya Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Makambako, ng'ambo ya milima hiyo hiyo, haifikishi hata nusu yake.

Jambo la pili nililoliona ni kwamba ufukwe ulikuwa mwembamba. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo humwaga maji ziwani kwa nguvu masika, lakini mto unaoyatoa ni mmoja tu, Shire, kule kusini nchini Malawi. Maji mengine mengi huondoka kwa mvuke, polepole. Basi ziwa hupanda hadi Aprili au Mei, kisha hushuka mpaka mwisho wa mwaka. Tofauti huwa kama meta moja. Utasema meta moja ni nini? Kwenye mchanga ulioinama kidogo tu, meta moja ya kina humeza hatua nyingi za ufukwe. Anayetaka kununua kiwanja ziwani akikague Mei, asikikague Novemba, maana Novemba kila kiwanja ni kizuri.

Je, mji hulala wageni wasipokuwapo? La hasha. Mpunga wa Kyela uko shambani, unakaribia kuvunwa. Wenye kakao wanahangaika kuanika punje kati ya mvua moja na nyingine. Ng'ambo kidogo, Ikombe, akina mama wa Kikisi wanafinyanga vyungu ambavyo huletwa kwa mitumbwi hadi gulio la Lyulilo. Chungu kibichi hakikauki upesi hewa ikiwa na unyevu, na kikiingia motoni kabla ya kukauka hupasuka. Kwa hiyo siku moja ya jua Aprili kwao ni mali. Juni mgeni hukinunua chungu bila kujua ni siku ngapi kilisubiri jua.

Wanaoumia ni walioajiriwa na wageni. Nilizungumza na mama mmoja mpishi ambaye tangu Machi ameambiwa akae nyumbani hadi aitwe, bila mshahara. Ana shamba la mpunga, lakini mpunga haujaiva, na ada za watoto hazingoji mavuno. Miezi hii mitatu yeye huimaliza kwa kukopa, na Juni anaanza kazi akiwa na deni. Wageni wachache tu wa Aprili wangetosha kumrudisha jikoni.

Sisemi kila mtu afunge safari kesho. Masika ina masharti. Sisi wa nyanda za juu hatukuzoea malaria, na Kyela ina mbu wengi. Mtu wa Njombe asilale huko bila chandarua, na akipata homa baada ya kurudi amweleze mganga alikotoka. Usiogelee midomoni mwa mito, maana maji yana tope na huwezi kumwona mamba. Mito ikifurika, subiri.

Lakini atakayekwenda atapata chumba bila kugombea, samaki wabichi, na jioni ambazo mvua imekatika, ziwa limetulia, na taa za wavuvi wa usipa zimetapakaa majini. Kuanzia Mei upepo ule ule, ambao wenzetu wa Malawi huuita mwera, hulichafua ziwa kwa siku kadhaa mfululizo, na wengi wa wageni wetu huja papo hapo.

Nilimjibu mzee kwamba nilifuata watu. Tukutane wiki ijayo.