Si virusi, ni joto: kompyuta ya jirani ilivyopona

Mwezi huu siandiki juu ya masomo. Naandika juu ya kompyuta, maana nyumba kadhaa hapa kambini sasa zinayo ile ya mezani ya mtumba, na watu wananiuliza kila siku kwa nini inazima yenyewe mchana.

Jirani yangu, mama wa watoto wanne, anachapa barua na fomu za watu kwa malipo kidogo. Hiyo ndiyo sabuni yao na madaftari ya watoto. Hata mimi nilikuwa nimempa achape mtihani wa majaribio wa darasa langu, kurasa 11. Jumanne saa nane mchana akanitumia mtoto: "Mwalimu, mama anasema uje mbio, ordinateri inakufa!" Nikakuta skrini imejaa mistari ya kijani na vinukta, halafu giza. Sanduku linanguruma kama mashine ya kusaga. Tukaizima. Baada ya nusu saa ikawaka vizuri kabisa, ikaenda dakika kumi, ikarudia yaleyale.

Kijana mmoja alikuwa amefika kabla yangu na CD mkononi. Ati ni virusi, tufomati. Nikamwambia ngoja kwanza, ndugu yangu. Kufomati ni kufuta: mtihani wangu, fomu za watu, na picha za harusi ya hawa wenye nyumba, ambazo karatasi zake zilibaki Kongo na hazitarudi. Ugonjwa unaokuja mashine ikipata moto na kuondoka ikipoa, mara nyingi ni wa joto. Nikauliza tu: inazima mkifanya nini? Watoto wakatazamana. Kumbe kila mama akienda kuteka maji, wao wanacheza gemu ya magari.

Hapo nikashuku kadi ya picha. Ni kile kibao kidogo ndani ya sanduku, ambacho waya wa skrini unachomekwa. Kazi yake ni kuchora kila unachokiona. Barua haimchoshi, lakini gemu humfanyisha kazi kweli kweli, naye hutoa joto. Juu ya chipu yake kuna mapezi ya alumini na feni ndogo ya kuyapuliza. Feni ikikwama, joto halina pa kwenda. Nina programu ya bure inaitwa GPU-Z, inaonyesha joto la kadi. Nikaiwasha: 70, 85, 93, na ilipofika 97 skrini ikalala. Kwa kazi nzito, 80 hivi si ajabu. Ikikaribia 100, kadi nyingi hupunguza mwendo au hukata zenyewe ili zisiungue.

Tukachomoa umeme, tukabonyeza swichi mara moja kumaliza umeme uliobaki ndani. Nikashika chuma cha sanduku kwanza, maana umeme wa mwilini unaweza kuua chipu na wewe usisikie kitu. Kufungua, eh! Vumbi jekundu limeshikana kwenye mapezi kama blanketi. Tulitumia brashi ya rangi, mpya na kavu. Usitumie kitambaa chenye maji. Na ukipuliza, shika feni kwa kidole isizunguke ovyo, inaweza kuharibika.

Feni yenyewe ilikuwa nzito kuzunguka. Nikabandua karatasi ya katikati, nikaomba kwa Papa fundi cherehani tone moja la mafuta yake. Tone moja tu! Mafuta ya kupikia hapana, yanaganda. Feni ikazunguka kama mpya, na joto likaishia 84.

Bado niliona ni nyingi. Kati ya chipu na mapezi kuna grisi ya kupitisha joto, na hii ilikuwa imekauka kama udongo. Nikamwagiza mwenye kibali cha kwenda mjini aniletee ile ya kijivu ya kwenye sindano. Ijumaa nikafuta ya zamani kwa spiriti, nikaweka mpya kama punje ya mchele, nikafunga skrubu kidogo kidogo kwa kupishana. Joto: 71, watoto wakicheza gemu kwa ruhusa ya mama. Mtihani ulikuwa umeshachapwa Alhamisi.

Kuna waliosema kadi iokwe kwenye oveni ya mikate. Si uongo kabisa, watu wengi duniani wamefanya hivyo, maana joto la kila siku hupasua vile viungo vya risasi chini ya chipu. Mwaka 2008 hata kampuni ya Nvidia ilitenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za kompyuta za mapajani zilizokuwa zinakufa. Lakini kadi iliyookwa hufufuka kwa muda tu, na moshi wake ni sumu. Oveni hiyohiyo kesho utatolea mkate wa mtoto? Mimi hapana. Kadi ikifa kabisa, tazama nyuma ya sanduku: mara nyingi kuna tundu jingine la skrini, la ubao mkuu. Chomoa kadi, hamishia waya pale. Kwa kuchapa barua inatosha sana.

Nyumbani kwa mama sasa sanduku limepanda juu ya matofali mawili, mbali na ukuta. Kile kitambaa kizuri cha kudarizi alichokuwa anaifunika nacho kimeondolewa wakati inawaka. Alinuna kidogo, lakini akakubali.

Grisi imebaki, inatosha kadi nne au tano hivi. Jumamosi saa tisa nitakuwa darasani kwangu. Leta sanduku lako na brashi yako mwenyewe, skrini iache nyumbani.