Armand Diangienda: Rubani aliyeunda okestra kwa fidla chache

KWA mpenzi wa dansi wa Dar es Salaam, neno okestra humkumbusha Orchestra Maquis Original na bendi nyingine zilizotoka Kongo na magitaa yao. Lakini jijini Kinshasa kulizaliwa okestra ya namna nyingine, yenye fidla, filimbi, tarumbeta na kwaya, inayopiga kazi za Beethoven na Orff. Aliyeiasisi mwaka 1994, Armand Diangienda, hakuwa mwanamuziki kwa taaluma. Alikuwa rubani wa ndege.

Diangienda ni mjukuu wa Simon Kimbangu, mhubiri aliyekamatwa na watawala wa Kibelgiji mwaka 1921, akafia gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Kanisa lililotokana na mahubiri yake huuthamini sana muziki, na humo ndimo mjukuu huyo alimolelewa. Alipopoteza kazi ya urubani mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliwakusanya waumini wenzake wachache na kuanzisha Orchestre Symphonique Kimbanguiste.

Tatizo la kwanza lilikuwa vyombo. Fidla zilikuwa chache kuliko wanafunzi, hivyo kila mmoja alijifunza kwa dakika kadhaa, kisha akampisha mwenzake. Uzi ulipokatika, waya wa breki ya baiskeli ulichukua nafasi yake. Vyombo vingine vilichongwa na mafundi wa okestra hiyo wenyewe.

Tatizo la pili lilikuwa elimu. Kiongozi wa okestra barani Ulaya hukabidhiwa wapigaji waliokwisha kuhitimu. Kazi yake ni kupima mwendo, kusawazisha sauti na kuamua kazi ya mtunzi ieleweke vipi. Diangienda alilazimika kuwaandaa wapigaji kwanza, ilhali yeye mwenyewe hakuwa amesomea kazi hiyo. Utaratibu waliouchagua ulikuwa mwepesi kueleza na mgumu kutekeleza: aliyejua kidogo alimfundisha asiyejua kabisa.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatupaswi kulistaajabia jambo hilo. Katika makanisa yetu, anayesimama mbele ya waimbaji na kuinua mikono huitwa mwalimu wa kwaya. Jina hilo lenyewe lakiri kwamba kuongoza na kufundisha ni kazi moja.

Okestra hiyo ilivuka vita vilivyoitikisa nchi kuanzia mwaka 1996. Wengi wa wanamuziki wake walifanya shughuli nyingine mchana ili kupata riziki, na jioni wakaja mazoezini, ambako umeme ulikatika mara kwa mara. Filamu ya mwaka 2010, Kinshasa Symphony, iliwaonyesha walimwengu maisha hayo. Mwaka 2013 Royal Philharmonic Society ya Uingereza ilimtunuku Diangienda uanachama wa heshima, na mwaka 2014 okestra yake ikazuru nchi hiyo.

Diangienda pia ni mtunzi. Hata hivyo, huenda urithi wake mkubwa usiwe noti alizoziandika, wala makofi ya London. Chombo huchakaa na sifa hupita. Kitakachoamua kama okestra hiyo itamzidi umri mwasisi wake ni kama yule aliyesubiri zamu yake ya fidla mwaka 1994 ataendelea kumpisha na kumfundisha anayesubiri leo.